Miaka Mitatu ya Kuzaliwa ya Mwalimu Elfu Sita

Ndugu waombolezaji, kwa idhini ya familia nawasomea maisha ya ndugu yetu, mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi walimwita Elfu Sita, nami naomba mniwie radhi mapema, kwa kuwa simulizi ya namna hii huanza na kuzaliwa, na hapo ndipo tulipokwama.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei, siku hiyo haina ubishi, ila mwaka una karatasi tatu: kitabu cha sala cha baba chasema 1947, shule yasema 1951, na hati ya ajira yasema 1949, mwaka ambao dada yake, huyu aliyeketi mbele yenu, alizaliwa Februari, jambo ambalo mkunga yeyote asingeliafiki. Basi dada hajui kama leo anamzika kaka au mdogo wake, na hadi jana mchonga mawe alikuwa ameacha kwenye jiwe la kaburi nafasi ya tarakimu nne.

Januari 1958 yeye na dada walianza shule pamoja, dawati moja, utata ukazidi. Mwaka 1971 alihitimu ualimu, na katika maktaba ya chuo akakutana na namba 6174, asiachane nayo tena. Miaka thelathini na minne aliwafundisha watoto kuchukua tarakimu nne, kuzipanga kutoka kubwa hadi ndogo, kisha kuzipindua, kutoa namba ndogo kutoka kubwa, na kurudia na jibu, wasipite hatua saba kabla ya kufika 6174, wasiweze kutoka, maana 7641 ukitoa 1467 unarudi palepale. Mwenye tarakimu zote sawa, kama 4444, huambulia sifuri, naye alisema ndiyo malipo ya mtu anayeshauriana na nafsi yake tu.

Tarehe 18 Agosti 1978 alimwoa fundi cherehani, akieleza kwamba kumi na nane, ukijumlisha kipeo chake cha pili na cha tatu, ni 6174, bibi harusi akajibu mbele ya wazee kwamba yeye aliikubali tarehe hiyo kwa sababu ukumbi ulikuwa wazi. Walijaliwa binti mwaka 1980 na mwana mwaka 1983.

Novemba 2021 figo zilianza kumsumbua. Wodini dada alimwuliza, "Sema kweli, wewe ni kaka yangu au mdogo wangu?" Mgonjwa akaomba kalamu, akaonyesha kwamba 1947 hufika 6174 kwa hatua tano na 1951 kwa hatua mbili, akacheka, dada akarudi nyumbani amechanganyikiwa na kununa. Tarehe 3 Aprili 2022, saa kumi jioni, alifariki.

Jana mchonga mawe alikuja kuuliza. Dada aliketi jikoni, akaukokotoa mwaka 2022, hatua nne, akaukokotoa wake, 1949, hatua saba, njia ndefu kuliko zote, kisha akasema, "Andika 1947. Nimezoea kumfuata. Nikiwa nimekosea, atanisahihisha tukionana."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, walimu wenzake, na mchonga mawe kwa subira yake.

Dada ameniagiza nimalizie kwa neno moja la ziada, ambalo hajalitamka akiwa hana shaka moyoni tangu 1958. Pumzika kwa amani, kaka.