Sinia la Pili la Mheshimiwa Niwase

Ifikapo tarehe 30 Novemba 1976, Mheshimiwa Niwase Tokusaburo atakuwa ametimiza miaka thelathini ya utumishi: tisa katika Wizara ya Mambo ya Nje, na ishirini na mmoja bungeni akiwawakilisha wavuvi wetu wa Torasaki. Mimi nimekuwa katibu wake tangu 1957. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike kwa sababu, wanasema, hakuna mtu ofisini anayenishinda kwa udaku. Sikatai.

Alianza kazi ya ubalozi wakati Japani haikuwa na ubalozi hata mmoja nje. Nchi ilikuwa chini ya majeshi ya kigeni, na msomi huyu alipewa meza isiyo na droo, atafsiri malalamiko ya maofisa wao kuhusu mabomba ya maji. Husema hapo ndipo alipojifunza udiplomasia: kumwambia mtu mwenye bunduki kwamba fundi atakuja kesho.

Mwaka 1955 aligombea ubunge. Wagombea wetu huvaa glavu nyeupe, lakini yeye alisisitiza kumpa mkono kila mvuvi gatini, kwa hiyo kufikia saa tatu asubuhi zilikuwa nyeusi kwa wino wa ngisi. Mkewe, Mama Yasue, alifua glavu wiki nzima. Walishinda kwa kura mia mbili na sita.

Sasa nije kwenye jambo lililoninyima raha. Mwishoni mwa 1960 chombo kimoja cha Torasaki kilikamatwa na doria ya majirani zetu wa kaskazini, na watu wote kumi na wanne wakawekwa kizuizini. Tangu wiki ile Mheshimiwa akaanza kuagiza masinia mawili ya chakula cha mchana. Wali, supu, samaki wa chumvi, kila kitu mara mbili. Dereva wetu, Ogata, aliapa kwamba bosi ana minyoo. Mimi nilichunguza nikagundua sinia la pili haliguswi, nikashindwa kuvumilia, nikauliza.

“Haneda, nyumbani kwenu hamkuwahi kumwandalia aliye mbali?” akanijibu.

Niliona haya. Wakati wote wa vita mama yangu alimwekea kaka yangu aliyekuwa vitani chakula mezani ili asilale njaa huko aliko. Lakini nani angetegemea kuona desturi hiyo ofisini kwa mbunge? Kumbe ni agizo la Bibi Tane, mama wa Iwao, baharia mdogo kuliko wote waliokamatwa. Alimwambia Mheshimiwa, “Mimi namwandalia hapa. Wewe mwandalie huko kwa wakubwa, usije ukamsahau.”

Mwaka uliofuata alitumwa kwenye mazungumzo ya kuwaombea mabaharia hao, nami nikafuatana naye. Katika chakula cha mchana aliomba nafasi moja zaidi upande wetu. Wenyeji wakadhani mjumbe wetu mmoja amechelewa. Itifaki haikuwaruhusu kuanza kula, basi tukakaa dakika arobaini tukitazama supu ikipoa, huku gari likitumwa hotelini kumtafuta. Kiongozi wao alipouliza kwa mkalimani mgeni huyo yuko wapi, Mheshimiwa aliinama kidogo.

“Msihangaike na hotelini,” alisema. “Mnaye nyinyi, gerezani.”

Nilidhani tumekwisha. Kiongozi yule alikitazama kiti kile, kisha akaomba orodha ya majina. Baada ya siku tisa mabaharia kumi na watatu waliachiliwa. Jina la Iwao halikuonekana kwenye karatasi yoyote.

Kwa miaka kumi na tano Mheshimiwa amekula mchana ofisini mbele ya sinia la pili, na katika kila mkutano, hata ule wa bei ya mwani, amemuulizia Iwao. Hajapata jibu. Hilo ndilo lililomfanya aahirishe kustaafu mara mbili.

Mwezi uliopita alikwenda Torasaki kumuaga Bibi Tane. Aliingia, akapiga magoti, akaweka paji la uso kwenye mkeka.

“Nimeshindwa kumrudisha, Bibi. Nisamehe.”

Bibi, ambaye ana miaka themanini na minne na hana subira na mtu, alimgonga begani.

“Toku, inuka, utaumwa mgongo. Nilikuambia usimsahau. Ulimsahau?”

“Hapana.”

“Basi. Na mkeo, miaka yote hii, anakula na nani?”

Nimemsikia akiwajibu mawaziri wa mataifa sita. Swali hilo lilimliza. Na mimi niliyekuwa mlangoni nililia pia.

Mheshimiwa, ahsante kwa yote. Mrithi wako ameshakabidhiwa jina la Iwao, na ameahidi kuliulizia. Tunakutakia afya, usingizi na miaka mingi. Siku ya mwisho Ogata ataleta gari saa tano na nusu. Tafadhali usichelewe: Mama Yasue ameshaambiwa kwamba mchana utakula nyumbani.