Ovide Joseph Sylve, Aliyezibua Mto Miaka Arobaini na Miwili

Marehemu Ovide Joseph Sylve, tuliyekuja kumlaza leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Pointe Noisette, ukingo wa mashariki wa mto Mississippi, chini ya mahali tuta la serikali la kuzuia mafuriko linapoishia. Alikuwa mtoto wa tatu wa Alphonse Sylve, mvuna chaza, na mkewe Clothilde. Mwaka huo maji yalikuwa juu, na mkunga aliingia kwa dirisha. Marehemu alipenda kusema kwamba tangu siku ile hakuwahi kuyaona maji yakiwa mahali pake.

Alisoma shule ya watoto weusi ya kanisani, akienda kwa mashua kila asubuhi na kurudi na soksi mbichi. Alikuwa hodari wa hesabu na mvivu wa kuandika. Septemba 1965 kimbunga kiliondoka na paa la shule pamoja na madawati, naye akaona hiyo ni ruhusa ya kutosha. Akaingia kwenye chaza pamoja na baba yake.

Tarehe 3 Mei 1971 aliajiriwa kwenye meli ya kuzibulia mto. Alianza kama kibarua wa mabomba, akapanda hadi kuwa fundi wa mitambo, yule anayekaa juu na kuongoza kile kichwa cha chuma chenye meno kinachosaga tope chini ya mto. Pampu hulivuta lile tope, bomba hulipeleka kunakotakiwa, meli kubwa za nafaka na mafuta zikapita. Kisha mvua inanyesha huko juu Ohio na Missouri, na mto unajaa tope tena. Alipoanza kazi, mkondo ulitakiwa uwe na kina cha futi arobaini. Alipostaafu mwaka 2013 ulitakiwa arobaini na tano. Leo ni hamsini. Watu walipomuuliza kazi yake ni ipi, alijibu, “Nafagia uwanja siku ya upepo.” Halafu alikaa chini avue buti, na hiyo peke yake ilimchukua robo saa.

Alikuwa na masikio ya ajabu. Akiwa amekaa kwenye kiti chake aliweza kusema, “Huo ni mchanga. Huo udongo mgumu. Hilo ni gogo, zima pampu!” na kweli gogo likakutwa. Wenzake walimwamini kuliko mishale ya vipimo iliyokuwa mbele yake. Wasikilizaji waliweke hilo akilini, kuna mahali tutalihitaji.

Tarehe 5 Juni 1976 alimwoa Bi Earline Encalade. Harusi ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu mkondo ulikuwa umejaa na meli haikumwachia. Mara ya tatu Bi Earline alimtumia ujumbe kwa rubani wa mashua: “Mwambie aje alivyo.” Akaja alivyo. Kwenye picha ya harusi, ile iliyo ukurasa wa kwanza wa kijitabu hiki, tope linaonekana nyuma ya sikio lake la kushoto. Mungu aliwajalia watoto wawili, Rochelle na Percy.

Bi Earline aliishi miaka yote kando ya maji bila kujua kuogelea, na aliyaogopa. Alifariki tarehe 11 Novemba 2001. Siku ya mwisho alimshika mumewe mkono akamwambia, “Ovide, usiniache majini.” Naye aliahidi. Akamzika hapa, mahali hapa tuliposimama.

Lakini ardhi ya Pointe Noisette inazama, kila mtu hapa anajua. Kimbunga cha mwaka 2005 kilipopita, makaburi yalifunguka. Marehemu alimtafuta mkewe siku kumi na saba. Alimkuta maili moja na nusu kutoka hapa, jeneza limeegemea uzio wa bustani ya machenza. Alimrudisha na kumzika upya. Rochelle, binti yake anayewasomea haya, alikuwepo, na hajawahi kumwona baba yake amechoka kama siku ile.

Toka hapo alikuwa na neno moja tu. Tope lote hili tunalivuta kila mwaka, na linaenda kumwagwa ghubani, wakati bomba linapita nyuma ya makaburi. Kwa nini lisimwagwe hapa? Alisimama kwenye mikutano mitatu ya wahandisi.

“Bwana Sylve,” walimjibu, “sheria inataka limwagwe palipo nafuu.”

“Nafuu kwa nani?”

“Mkutano ujao tutalizungumza.”

Jumanne tarehe 21 Aprili 2009, meli ikiwa inafanya kazi mbele ya kijiji, kiungo cha bomba kiliachia hapa nyuma ya makaburi. Jambo kama hilo likitokea, mshale wa mgandamizo unashuka mara moja, na fundi anatakiwa azime pampu papo hapo. Marehemu hakuzima. Alivuta tope saa tisa mfululizo. Lilipogundulika, ekari nne za kinamasi zilikuwa zimefunikwa kimo cha kiuno, na tope jingine lilikuwa limeingia hadi katikati ya makaburi.

Kapteni wa meli alimwita.

“Mzee, hukuona mshale umeshuka?”

“Macho yangu siku hizi si mazuri, Kapteni.”

“Na yale masikio?”

“Nayo yamechoka.”

Alisimamishwa kazi siku thelathini, na aliporudi walimshusha hadi kwenye genge la mabomba, alikoanzia. Alimalizia hapo miaka minne, mzee wa miaka sitini akibeba mabomba pamoja na vijana. Hakulalamika hata siku moja. Zile siku thelathini alizitumia na koleo, akifukua mawe ya makaburi ya watu yaliyofunikwa. Bi Beulah Barthelemy, jirani yake, alimjia juu mbele ya watu.

“Ovide! Umemzika mume wangu mara ya pili!”

“Safari hii hatoki, dada,” alimjibu, akaendelea kufukua. Bi Beulah ndiye aliyepika maharagwe mekundu mtakayokula leo.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuvimba miguu. Daktari wa New Orleans alimweleza kwamba moyo umechoka na maji yanajaa mapafuni.

“Mtafanyaje?”

“Tutayapunguza.”

“Yatarudi?”

“Yatarudi, Bwana Sylve.”

“Basi kazi hiyo naijua,” alisema, na Rochelle alicheka hadi akalia. Yalipunguzwa mara sita. Alhamisi tarehe 10 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa kitandani kwake na dirisha limefunguliwa upande wa mto, alifariki.

Jumapili iliyopita, Rochelle na Percy walipokuwa wakitafuta vyeti vyake, walikuta mkebe wa kahawa nyuma ya kabati la jikoni. Ndani mlikuwa na bolti nane za kiungo cha bomba, zimefunguliwa kwa spana bila hata moja kukatika, zimepakwa mafuta vizuri zisishike kutu. Percy alizitazama akasema, “Kweli Baba alikuwa na macho mabovu.” Miaka kumi na tano alilala na siri hiyo, na familia imeona heri itoke leo, palepale ilipofanyika. Bolti hizo ziko mfukoni mwa suti yake.

Ameacha watoto wawili, Rochelle na Percy. Mkwe mmoja, Yolanda. Wajukuu watatu, Darnell, Simone na Elton. Dada yake, Bi Ernestine. Na genge zima la mabomba, ambalo limeomba liruhusiwe kubeba jeneza.

Jana jioni mchimba kaburi alikuja nyumbani kusema amemaliza. Alichimba futi nne kando ya Bi Earline, ardhi ambayo zamani koleo la kwanza tu lilitoa maji. Chini kabisa palikuwa pakavu.

Mto umejaa tena wiki hii, na meli iko kazini. Zamu si yako tena, Baba. Pumzika.