Wimbo Niliomtungia Mume Wangu

Mwezi wa tisa mwaka 1952 nilimpoteza mume wangu. Alikuwa akiunganisha mabehewa hapa stesheni ya Kamina. Kabla mwaka mwingine haujaisha, nikapoteza na wimbo niliomwombolezea.

Ndugu zangu wajane, mnajua desturi yetu: msibani mwanamke hutunga wimbo na kumtaja marehemu wake humo. Wangu ulisema: "Uliunganisha mabehewa yote, mimi umeniacha njiani." Basi mwimbaji mmoja wa kanisa letu, mwenye sauti ya kunishinda, akauchukua. Akauimba kila msiba. Jina la mume wangu akalitoa, akaweka la maiti wa siku hiyo. Watu wakamsifu: "Huyu mama anajua kutunga!" Naye akatabasamu tu.

Nawaambia kweli, nilimwonea wivu kama niliyemkuta na mume wangu. Nikaenda kwa kiongozi wa waimbaji, nikalia mpaka akaukataza wimbo kwa kila mtu. Nikafurahi. Lakini hata mimi nilikatazwa, na jina la mume wangu halikusikika tena popote. Nami sikutunga mwingine. Kazi yangu ikawa kutega sikio nijue nani anauimba jikoni kwake.

Mwaka jana yule mwimbaji akafiwa na mama yake. Akaja mlangoni kwangu, kichwa wazi, bila kitambaa.

"Mama, wimbo iko kama moto. Jirani akichukua kaa, moto yako haizimi."

"Njo vile, ni kweli. Lakini mwenye kuomba kaa anabisha hodi. Weye uliingia tu jikoni."

Akainama. "Leo nabisha, mama."

"Utasema iko ya nani?"

"Nitasema. Mbele ya bantu bote."

Nikamruhusu, nikamwomba kiongozi aondoe katazo lake.

Nawashukuru ninyi mliokaa nami miezi ile bila kunicheka, hata niliposema maneno mabaya juu yake. Nimejifunza hili: ukitunga kitu, usikifungie ndani kikaoza. Uombwe, utajwe, yatosha. Mimi yalinitosha, ingawa wivu haujaniisha wote.

Siku ya msiba alisimama, akasema mimi ndiye niliyeutunga, akamtaja mume wangu kwa jina lake lote. Kisha akamwimbia mama yake. Ubeti wa pili akakosea. Nikamsahihisha kwa sauti, watu wote wakageuka kunitazama, naye akaurudia ubeti kama nilivyosema.