Dada Chuma Hakuanguka

Huyu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe, kwenye chumba cha nyuma cha karakana. Mkunga alichelewa na mtoto hakuwa na subira. Baada yake alizaliwa mdogo wake wa kiume, ambaye sote tunamwita Pande kwa ukubwa wa mwili wake, na mwisho mdogo wake wa kike, ndiye anayewasomea maneno haya. Pande alipigwa na homa akiwa na miaka mitatu. Mwili ukaendelea kukua, akili ikabaki palepale.

Dada Chuma alisoma shule ya msingi mpaka darasa la saba, 1968 hadi 1974. Akiwa darasa la tano alimng'oa jino mvulana aliyemwita Pande mwendawazimu. Mwalimu mkuu alimcharaza viboko. Aliporudi darasani alimwambia yule mvulana, "Mengine bado unayo. Endelea." Mvulana huyo alikuja kuwa mteja wake mwaminifu, na leo yupo hapa. Akicheka mtamjua.

Mwaka 1976 aliingia karakana ya kuchomelea vyuma. Wanaume walimcheka, wakamtuma maji, wakamtuma sigara. Miaka kumi baadaye wawili kati yao alikuwa amewaajiri yeye. Mageti na madirisha ya mtaa huu, mengi yametoka mikononi mwake, na mwizi aliyejaribu kuvunja moja Dada akiwepo uani alirudi kwao akichechemea.

Aliolewa mwaka 1985 na dereva wa lori, wakajaliwa binti mmoja. Mama yetu alipofariki mwaka 1990, Pande alihamia kwao. Siku nyingi Pande ni mpole, anaimba, anabeba mtoto wa jirani mgongoni. Siku nyingine hasira humpanda bila hodi. Siku moja alimvunja shemeji mbavu mbili kwa kigoda. Shemeji alisema, "Chagua. Mimi au yeye." Dada alimkunjia mashati, akamfungia begi, akamfungulia mlango. Hatumlaumu shemeji. Mbavu zilikuwa zake.

Serikali ilipoanzisha mpango wa kuwasaidia watu wazima wasioweza kujitunza, pamoja na ndugu wanaowatunza, tulishangilia. Uliahidi msaidizi wa kulipwa nyumbani, na mtunzaji apate kupumzika. Sharti lilikuwa afisa ustawi afike mwenyewe na kuona kwamba familia imeshindwa. Na Dada Chuma alikuwa mtu wa kushindwa?

Kila afisa alipokuja, Dada alimnyoa Pande, akampigia pasi shati, akampa dawa mapema ili atulie. Tundu la ukutani, lililotobolewa kwa ngumi, alilifunika kwa kalenda. Mwenyewe alivaa mikono mirefu kuficha michubuko. Siku moja mdogo wake wa kike alimvuta jikoni, akamfokea.

"Dada, mwonyeshe huo mkono!"

"Mgeni haonyeshwi aibu ya nyumba."

"Huyu si mgeni! Amekuja kuona hiyohiyo aibu!"

"Punguza sauti. Peleka chai."

Afisa alikunywa chai, akasifu usafi, akasema nyumba hii ni ya mfano. Msaidizi akapelekwa kwingine. Ikawa hivyo mwaka hata mwaka, na kila mwaka Pande alizidi nguvu huku Dada akizidi kuzeeka.

Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, asubuhi, Dada alikuwa akimkata Pande kucha za miguu. Mkasi ukabana nyama. Pande alimkamata shingo, akamgonga kichwa ukutani, akamgonga tena, mpaka plasta ikamwagika sakafuni na damu juu yake. Kisha akaketi kando yake, akampepea kwa gazeti. Hospitalini Dada aliwaambia madaktari ameanguka. Mdogo wake wa kike alipoinama, Dada alimshika ukosi.

"Na wewe useme hivyo. Wakijua watamfunga. Umesikia?"

"Nimesikia, Dada."

Alifariki Jumapili, tarehe 15 Juni, akiwa na miaka sitini na minne.

Hakuanguka. Mdogo wake anaivunja ahadi hiyo mbele ya jeneza, na anaomba radhi kwa marehemu. Kwa afisa ustawi, aliyekaa mstari wa pili, haombi radhi. Jumatatu Pande alimvunja huyu anayewasomea kidole hiki mnachokiona kimefungwa. Jumanne afisa alikuja kutoa pole, akasema, "Bahati nzuri wewe upo, mama. Ndugu akiwepo, hakuna haja ya mpango." Bwana afisa, mwenye kusoma haya anampenda kaka yake, na hatamchukua. Andika, na watu wote hawa ni mashahidi: tumeshindwa. Asifungwe, hajui alilotenda. Mpeni mahali na watu wenye nguvu na mafunzo, kabla hatujarudi hapa makaburini na jeneza lingine.

Marehemu ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike, na Pande, ambaye tumemwacha nyumbani na majirani wanne wanaume. Tangu Jumapili anaupiga kwa ngumi mlango wa chumba cha dada yake, akimwita atoke. Mungu ampe Dada Chuma usingizi usiosikia kelele hizo.