Stendi Zinazong'aa na Muuguzi Aliyebaki Viatu

Mgeni rasmi, umeingia tukiwa tunabishana, na hatutajifanya tulikuwa tunaimba. Mwenyekiti wetu alikuwa anasema, "Mtu amekuletea kitu, unashukuru, unanyamaza." Mhazini akamjibu, "Shukuru wewe. Picha utaipiga kwa shukrani?" Mimi katibu nikasema risala itamaliza ubishi.

KARIBU

Karibu kwenye ua wa chuo cha uuguzi. Kiti chako tafadhali usikisogeze, kimo ndani ya picha.

TULIKOTOKA

Sisi ni wapiga picha wa mtaani, wengi wetu akina mama, tulioanza na picha za vitambulisho katika chumba kimoja. Baadaye vyuo vikataka picha pana, darasa zima ukutani. Kazi yake ni hii: kamera inakaa juu ya stendi ya miguu mitatu, unapiga, unaigeuza kidogo, unapiga tena, mpaka mwisho wa mstari. Kisha vipande vinaunganishwa. Stendi ikitikisika, vipande havikutani.

MAFANIKIO

Tulifanya vizuri mpaka ulipotuletea stendi. Tunasema hivi kwa heshima zote.

CHANGAMOTO

Stendi ulizotupa ni ndefu, nyepesi, zinang'aa. Mwenyekiti alizipenda papo hapo, akavuta nguzo ya kati mpaka juu ili aipate safu ya nyuma. Tukamwambia, "Baba, nguzo ikipanda kamera inayumba." Akasema, "Nyie mnaogopa urefu."

Kaupepo kadogo tu kakapita. Picha ya mahafali ikatoka na muuguzi mmoja aliyeangukia kwenye kiungo cha vipande. Kichwa hana, mwili hana. Vimebaki viatu vyeupe.

Mama yake alikuja studio. Hakupandisha sauti. "Nimefua nguo za watu ili huyu asome," alisema, "halafu mnaniletea viatu?"

Tukamwahidi kupiga picha upya. Sisi pia tunasomesha.

Kesho wauguzi hawa wanatawanyika kwenda vituo vyao vya kazi. Wamekubali kuvaa sare tena leo, mara ya mwisho wakiwa pamoja. Mama yule ni huyo hapo mlangoni, anatutazama.

MAOMBI

Siku nyingine tuulize kwanza. Tunahitaji stendi nzito, inayosimama imara bila kuvutwa nguzo, yenye pimamaji ya kuonyesha kama imelala sawa, na kichwa kinachozunguka bila kuinama. Kung'aa si lazima. Safu ya nyuma isipoonekana tutapanda benchi. Sisi ni wafupi, si wajinga.

Mwenyekiti ananinong'oneza, "Mama Katibu, sehemu inayofuata iruke." Siiruki.

Wanachama tumekubaliana kwamba stendi hizi zinarudi. Dereva wa mgeni rasmi, tufungulie buti ya gari. Mwenyekiti, ulizipokea wewe, zibebe wewe.

Tunasubiri.

Ahsante, baba Mwenyekiti. Sasa leteni stendi yetu ya zamani, ninginizeni mfuko wa mawe katikati ya miguu. Binti wa viatu, toka huko pembeni, simama katikati ya kipande, mbali na kiungo. Mama yake, sogea karibu na kamera uone mwenyewe.

Mgeni rasmi, Mungu akujalie afya, safari njema na subira ya kutuvumilia. Naona umesimama; rudi kwenye kiti chako, ukae wima.

Haya, hakuna kutikisika.

Ni sisi,
Wapiga Picha wa Chumba Kimoja.