Maeng Jong-du na Kona ya Bibi Tak

Tarehe 28 Februari, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, Bwana Maeng Jong-du, fundi mkuu wa sakafu za joto katika tawi letu la Yeongju, anastaafu. Magoti yake yamefurahi kuliko sisi.

Alikuja kwetu akiwa ametoka jeshini tu. Alianza kwa kubeba saruji, akafundishwa kupinda mabomba, na haukupita muda akawa anawafundisha waliomfundisha. Nyumba mpya hazikumpa raha. Yeye alipenda nyumba kongwe, zile ambazo hazina hata ukuta mmoja ulionyooka.

Kila akimaliza kazi hulala kifudifudi, shavu sakafuni, akijisogeza huku na huku kutafuta penye ubaridi. Huko Bonghwa alipitiwa na usingizi. Mama mwenye nyumba aliporudi kutoka sokoni alimkuta anakoroma, akamfunika blanketi, akaketi kando yake kumenya vitunguu saumu. Hatujawahi kupata sifa nzuri kuliko ile.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ya nyumba ya Bibi Tak Sun-im, mjane aliyekuwa amevuka miaka themanini. Sakafu yake ilikuwa ya mawe bapa, chini yake moshi wa meko ukipita na kupasha chumba joto. Mawe yalipasuka, moshi ukaanza kupenya ndani, na asubuhi moja jirani alimkuta Bibi amelala hajitambui. Alipotoka hospitali, wanawe waliamua ahamie kwao Daegu, ghorofani, kabla ya majira ya baridi. Maeng aliitwa atoe maoni tu, na wote walitarajia aseme nyumba haifai. Akasema inafaa: mawe yatolewe, yapitishwe mabomba ya maji moto.

Mkurugenzi wetu, Bi Cheon, alihofia kuta za udongo. Alikubali kwa sharti moja: ukuta wowote ukitikisika, kazi isimame na Bibi aende Daegu.

Ukuta ulitikisika. Tulipong'oa mawe ya chumba kikubwa, ufa ulishuka kutoka darini hadi chini. Maeng alikuwa wa kwanza kumpigia simu Bi Cheon, akamweleza ilivyo bila kuficha, kisha akauegemeza ukuta kwa magogo. Bi Cheon alifika na kusimama mbele ya ufa. Mtoto mkubwa wa Bibi alikuwa ameshaanza kutafuta lori la kuhamishia vyombo.

Bibi Tak akaja na jembe begani. "Ukuta huu nimeukandika mwenyewe mara mbili," alisema. "Ya tatu mnaniogopea nini?"

Akaenda uani kuchimba udongo. Majirani wakaleta majani makavu ya mpunga. Bi Cheon alitazama, akavua viatu vyake vya ofisini, akakunja suruali, akaingia kwenye tope kukanyaga pamoja nao. Hakuna aliyezungumzia tena lile sharti.

Ukuta ulipokauka tukatandaza mabomba. Bibi akauliza kona ya moto, kama ile ya zamani iliyokuwa karibu na meko, itakuwa ipi. Maeng akamjibu kwa fahari kwamba joto litakuwa sawa kila mahali. Bibi akanywea.

"Sawa kila mahali? Sasa mgeni wangu nitamkalisha wapi ajue namheshimu?"

Maeng akayang'oa mabomba ya upande wa jikoni na kuyapanga upya, yakaribiane zaidi, maji ya moto yaanzie hapo. Siku ya uji wa maharagwe mekundu, ile yenye usiku mrefu kuliko zote mwakani, Bibi alimwalika na kumkalisha kwenye kona hiyohiyo. Fundi wetu aliungua makalio na hakuthubutu kusogea mpaka bakuli la pili lilipokwisha. Tangu hapo wateja wa nyumba za zamani huagiza kwa jina: "Tuwekeeni kona ya Bibi Tak."

Bibi bado yumo nyumbani mwake. Tulimwalika kwenye sherehe hii ya kumuaga Maeng, akatuma ndoo ya kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, na ujumbe kwamba hawezi kuja kwa sababu ana wageni.

Mkewe Maeng, Bi Gu Hye-ran, naye ametuomba tutangaze kazi ya kwanza ya mstaafu. Sakafu ya chumba chao imekuwa baridi upande anaolala Bi Hye-ran tangu walipohamia, na fundi amekuwa akisema "wiki ijayo" mpaka watoto wameoa. Vifaa mke ameshavinunua mwenyewe. Viko mlangoni.

Kaka Maeng, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuchekesha. Nenda salama, uzeeke na afya, na Bi Hye-ran asilale tena na soksi.

Yang Mi-suk, kwa niaba ya mafundi wote wa Yeongju