Mama Kalunde Hakuniroga

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, aliyenisimamisha hapa leo. Mnanijua, mimi ni Ndunge, mkulima wa vitunguu hapa Kibwezi. Sikuja kushuhudia ugonjwa peke yake. Nimekuja pia kukiri chuki.

Mama yangu alikufa nikiwa darasa la sita. Tumbo lilimvimba kama la mja mzito huku mikono ikikonda, na hakuna aliyejua ni nini. Baba alikuwa na mke wa pili, Mama Kalunde, na watu walisema ndiye aliyemroga. Niliamini. Kwa miaka zaidi ya ishirini sikuonja chakula chake. Hata arusi yangu nilimkataza kuja. Na nilikuwa nimeokoka, ndugu zangu, tena naimba kwaya!

Halafu, miaka hii ya tisini, nikiwa na watoto wanne, tumbo langu likaanza kujaa. Nikamwambia mume wangu, Mutua, kwamba yule mama sasa amenifikia. Mutua hakubishana. Alinipeleka hospitali, nasi tukatumwa Nairobi.

Kule wakasema ni kansa ya ovari, pale mayai ya mwanamke yanapokaa. Walinipasua wakatoa walichoweza, lakini uvimbe mwingine ulibaki. Kabla ya kunianzishia dawa ya dripu, daktari, mama mmoja mpole, aliketi kando ya kitanda na karatasi, akauliza nani mwingine kwetu aliugua hivi. Nikamtajia mama. Akauliza tena. Nikakumbuka dada yake mama, aliyeolewa Kitui. Nikakumbuka na nyanya aliyemzaa mama, naye alizikwa na tumbo kubwa. Akawachora wote, akawaunganisha kwa mistari.

"Mama, kuna kasoro ndogo ambayo mtu huzaliwa nayo," akasema. "Inaonekana nyanya alimpa mama yako, naye akakupa wewe. Hakuna mwenye makosa."

Niliitazama ile karatasi. Nyanya alikufa kabla Mama Kalunde hajaolewa kwetu. Nililia mpaka nesi akaja, akidhani ni mshono unauma.

Nikamwomba Mutua amlete Mama Kalunde. Alikuja, mzee sasa, akasimama mlangoni kama mtu anayengoja kufukuzwa. Nikamwambia nimemchukia bure, anisamehe.

"Nimekuombea tangu ukiwa mtoto," akasema. "Sikuwa na njia ya kukuambia."

Kisha akaketi, akaninywesha uji aliokuja nao, nami nikaumaliza.

Dawa ilinitesa. Nilitapika, nywele zikaisha zote. Lakini maji ya tumboni yakakauka, na uvimbe ukanywea kuliko daktari alivyotarajia. Alisema ameona wengine wenye historia ya ukoo kama yangu, dawa hii inawashika vizuri, ila sababu yake bado wanaitafuta. Huu ni mwaka wa tatu. Bado ninaenda kupimwa, na kila nikirudi ninamshukuru Mungu aliyewapa madaktari akili.

Ndugu zangu, dada zangu, kama kwenu akina mama wanaondoka kwa ugonjwa mmoja, usitafute mchawi. Nenda hospitali, taja majina yao wote, na umwamini Bwana anayeweza kuponya mwili pamoja na moyo. Nina mabinti wawili. Daktari amesema wakikomaa waanze kupimwa mapema. Sijui kama wanayo kasoro ile. Ninachojua ni kwamba hawatakua wakimchukia mtu kwa ajili yake, na kwa hilo, jina la Bwana litukuzwe.